Kutoka klipu hadi GIF: kwa nini sekunde tatu za samaki karaini huzaa faili zito

Mama mmoja anayekaanga samaki ufukoni, upande wa Dunga hapa Kisumu, aliniletea kazi iliyoonekana ndogo. Alikuwa amerekodi kwa simu ngege akigeuzwa karaini, mafuta yakichemka pembeni na moshi ukipanda, na alitaka sekunde tatu za klipu hiyo ziwe picha inayojirudia yenyewe bila sauti, ili aiweke kwenye tovuti yake ndogo na kuituma kwa barua pepe kwa hoteli zinazonunua kwake. “Mwanangu, ni sekunde tatu tu,” aliniambia, kisha akaketi kusubiri. Niliingiza klipu kwenye programu, nikabonyeza, na kilichotoka hakikufaa. Faili lilikuwa zito kuliko klipu nzima lilimokatwa, ngozi ya samaki ilikuwa na mabaka kama ya ukurutu, na anga la jioni nyuma ya jiko lilikuwa limegawanyika kuwa mistari minene ya rangi badala ya kufifia taratibu kutoka machungwa hadi zambarau.

Wengi waliojaribu kugeuza video kuwa GIF wamekutana na hali hiyo, wakailaumu programu waliyotumia, wakahamia nyingine na kukuta mambo ni yale yale. Chanzo hakimo kwenye programu. Tatizo ni kwamba tunaichukulia GIF kama video fupi iliyonyamazishwa, ilhali kwa maumbile yake si video. Ni bunda la picha mnato zinazofuatana, kila moja ikiwa na maagizo ya muda gani ionekane kabla ya inayofuata kuchukua nafasi yake. Mtu akilishika jambo hilo, maamuzi mengine yote, kuanzia mahali pa kuegemeza simu wakati wa kurekodi hadi jinsi ya kuchagua rangi, huanza kueleweka.

Umbizo lenyewe, yaani aina hii ya faili, ni la zamani kuliko wavuti. Lilitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe tarehe 15 Juni 1987, likiwa kazi ya kundi lililoongozwa na mhandisi Steve Wilhite, wakati ambapo kompyuta ziliwasiliana kwa modemu kupitia laini za simu na picha moja ya rangi ilikuwa mzigo wa kusubiriwa. Toleo la 1989 liliongeza mambo mawili tunayoyategemea hadi leo: kila fremu, yaani kila picha katika bunda, kupewa muda wake wa kuonekana, na rangi moja katika orodha kufanywa kuwa ya uwazi, yaani isiyochorwa kabisa. Kujirudia bila kikomo hakukuwamo. Kuliletwa na kivinjari cha Netscape Navigator katika toleo lake la 2.0, na ndiyo maana ukifungua matumbo ya GIF inayojirudia, hata iliyotengenezwa leo asubuhi, utakuta humo maandishi NETSCAPE2.0, ingawa kivinjari chenyewe kilishazikwa. Baadaye kulizuka mgogoro kuhusu hataza ya kanuni ya kubana data inayotumiwa na GIF, iliyomilikiwa na kampuni ya Unisys. Madai ya ada yaliwachochea wahandisi kubuni umbizo la PNG, na hataza hiyo ilimalizika nchini Marekani mwaka 2003. Historia hiyo ina uzito wake hapa kwa sababu moja: tunakitumia leo chombo kilichopimwa kwa kompyuta za 1987, na vipimo vyake havijabadilika.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiko macho yanakoumia kwanza. Simu huiandika kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, kwa mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu, na kwa kawaida kila mojawapo ina ngazi 256, ambazo zikizidishwa hutoa rangi 16,777,216 zinazowezekana. GIF haina nafasi hiyo. Kila fremu hutegemea orodha ya rangi zisizozidi 256, inayoitwa paleti, na pikseli haihifadhi rangi yenyewe bali huhifadhi nambari ya rangi katika orodha hiyo: hii ni nambari 14, ile ni nambari 201. Swali kubwa basi ni rangi 256 zipi. Programu niliyotumia mara ya kwanza haikuitazama klipu ya Mama kabla ya kuchagua. Ilichukua paleti ya jumla inayougawanya wigo mzima kwa ngazi 8 za nyekundu, 8 za kijani na 4 za buluu, ambazo zikizidishwa ni 256. Paleti ya namna hiyo hutenga nafasi kwa samawati na kijani kibichi ambazo hazikuwamo popote karibu na lile karai, huku kahawia zote za samaki anayeiva, kutoka ile ya dhahabu hadi iliyokaribia weusi, zikigawana nambari chache. Mabaka niliyoyaona yalikuwa vivuli vingi vya kahawia vilivyolazimishwa kuwa kimoja.

Dawa yake ni kuipa klipu paleti yake yenyewe. Programu huzipitia fremu zote kwanza, ikahesabu ni rangi zipi zinazotumika na kwa wingi gani, ikachagua 256 zinazoiwakilisha klipu hiyo vyema, ndipo ikarudi mara ya pili kuchora. Kwa mandhari fulani 256 hutosha na kubaki. Heroe wa Ziwa Nakuru waliosimama asubuhi kwenye maji ya kijivu ni waridi, nyeupe, kijivu na vivuli vyake, basi, na GIF yao huweza kupendeza karibu kama video. Lakini safu za mitumba katika soko la Kibuye, ambako kila vazi lina rangi yake na jua linamulika upande mmoja, huishinda paleti yoyote, na hapo ni heri mpiga picha akaribie vazi moja kuliko kung’ang’ania kuonyesha kibanda kizima.

Rangi zinapokuwa chache, kuna mbinu ya kulisaidia jicho, nayo ni kutawanya nukta. Ukikitazama kwa mbali kikapu kilichosukwa kwa nyuzi nyeusi na nyeupe zinazopokezana, utaona kijivu, ingawa hakuna uzi wa kijivu ndani yake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: mahali ambapo rangi halisi haimo katika paleti, huchanganya nukta za rangi mbili zilizo karibu nayo. Kanuni mashuhuri zaidi ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, ya mwaka 1976. Kila pikseli inapokosa rangi yake halisi, kosa hilo hugawiwa jirani ambao bado hawajachorwa: sehemu 7 kati ya 16 huenda kwa jirani wa kulia, 5 kwa wa chini, 3 kwa wa chini kushoto na 1 kwa wa chini kulia. Kwa picha mnato kanuni hiyo ni nzuri mno. Kwa picha inayocheza ina kasoro moja kubwa, kwamba kosa husafiri, kwa hiyo badiliko dogo juu ya fremu hupanga upya nukta za eneo zima lililo chini yake, na ukuta usiosogea huanza kutambaa kana kwamba umejaa siafu. Ndiyo maana kwa klipu napendelea mpangilio wa Bayer, ambao kiolezo chake cha nukta hakihami kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukikodolea macho utaziona nukta zake zimejipanga kama kitambaa cha drafti, lakini zitakuwa zimetulia, na utulivu huo una faida nyingine inayohusu uzito wa faili.

Uzito wa faili ndio sehemu ambayo watu wengi hushangaa, na ndiyo inayostahili kuelezwa polepole. GIF hubanwa kwa kanuni inayoitwa LZW, kwa majina ya Lempel, Ziv na Welch. Mfikirie mtu anayemweleza mwenzake kwa simu jinsi leso ilivyochorwa. Hatataja kila nukta ya rangi. Atasema pindo ni jeusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kuna ua, na kila atakapolikuta tena ua lile lile atasema “rudia ua la kwanza” na kuendelea. LZW huisoma picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, na kujitungia kamusi ya mifuatano ambayo imekwisha kuikuta, hadi maneno 4,096, na mfuatano ukijitokeza tena huandika nambari yake tu. Ukuta uliopakwa rangi moja hubanwa hadi kuwa si kitu. Mchanga, majani ya mti, au chengachenga zinazojaa kwenye video iliyorekodiwa gizani hazina mfuatano wa kurudiwa, kwa hiyo kamusi hujaa upesi na haisaidii. Hapo utaona pia kwa nini nukta zilizotawanywa ovyo huongeza uzito, ilhali nukta za Bayer, zinazojirudia kwa mpangilio mmoja, hupunguza hasara hiyo.

Lakini pengo kubwa kati ya GIF na video liko kwenye mwendo. Simama kwenye gati ukiangalia Ghuba ya Winam, na uone kipande cha gugumaji kikielea polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Video ya kawaida ya MP4, iliyobanwa kwa kiwango cha H.264 kilichokamilishwa mwaka 2003, huihifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu zinazofuata huandika maagizo mafupi: chukua kipande hiki ulichonacho, kisogeze pikseli nne kushoto, na urekebishe kidogo pale kilipobadilika. GIF haina msamiati wa kusema “sogeza”. Inachoweza kusema ni mambo mawili tu: eneo hili halijabadilika, liache lilivyo, au eneo hili limebadilika, lichore upya lote. Gugumaji likisogea pikseli nne, majani yote huchorwa upya, fremu baada ya fremu, kana kwamba hayajawahi kuonekana. Na maji yenyewe, yenye viwimbi vinavyometa kila upande, hayana pikseli hata moja inayotulia. Mandhari ya ziwa letu, ambayo ndiyo kila mtu wa Kisumu angetamani kuionyesha, ni miongoni mwa mandhari ngumu kabisa kwa GIF, na sijapata njia ya kulizunguka hilo isipokuwa kuyafanya maji yachukue sehemu ndogo ya fremu.

Hapo ndipo kosa la klipu ya Mama lilipojificha. Alirekodi akiwa ameishika simu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukigeuza samaki. Kwa macho, simu ilionekana imetulia. Kwa GIF, mtetemo mdogo wa mkono ulimaanisha kwamba ukuta wa mabati, meza, jiko na karai vyote vilihama pikseli moja au mbili kila fremu, na hakuna eneo lililoweza kuachwa lilivyo. Simu ingeegemezwa kwenye kreti ya soda, kilichobadilika kingekuwa samaki, mafuta na moshi tu, na sehemu kubwa ya kila fremu isingehitaji kuandikwa. Hakuna kitufe katika programu yoyote chenye nguvu ya kreti hiyo. Ndiyo maana nasema kazi ya kutengeneza GIF huanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Baada ya hapo kuna hesabu, nayo ni nyepesi. Klipu ilirekodiwa simu ikiwa wima, upana wa pikseli 1080 na kimo cha 1920, kwa fremu 30 kila sekunde. Fremu moja ina pikseli 2,073,600, na sekunde tatu ni fremu 90. Kwa kuwa katika GIF yenye rangi 256 kila pikseli ni baiti moja kabla ya kubanwa, tunazungumzia zaidi ya megabaiti 186 zinazosubiri kubanwa na kanuni ambayo tumekwisha kuona udhaifu wake. Mafunzo mengi hushauri kupunguza upana hadi 480, nami niliwahi kuufuata ushauri huo bila kuupima. Lakini ulikusudiwa video ya kulala, ambayo kwa upana wa 480 huwa na kimo cha 270, yaani pikseli 129,600. Ukiutumia kwa video ya wima, kimo huwa 853 na pikseli hupanda hadi 409,440, zaidi ya mara tatu, na mtu hubaki akijiuliza kwa nini faili limekataa kupungua ilhali amefuata maelekezo. Kwa klipu ya Mama nilikata juu na chini nikabakiza mraba wenye karai peke yake, nikaupunguza hadi 360 kwa 360, na ajabu ni kwamba mraba huo una pikseli 129,600 zile zile. Nikapunguza pia fremu kutoka 30 hadi 10 kwa sekunde, zikabaki 30 kwa klipu nzima. Kabla ya kubanwa, mzigo ulishuka hadi baiti 3,888,000, ambao ni sehemu moja ya 48 ya ule wa mwanzo.

Kuhusu idadi ya fremu kuna jambo dogo linalowatatiza hata wazoefu. GIF hupima muda kwa mia za sekunde, yaani sekunde ikigawanywa sehemu mia moja, kwa nambari kamili. Fremu 10 kwa sekunde ni mia 10 kwa kila fremu; 20 ni mia 5; 25 ni mia 4. Lakini fremu 30 kwa sekunde zingehitaji mia 3.33, ambayo haiandikiki, kwa hiyo programu hulazimika kuchukua nambari kamili iliyo karibu na mwendo hupungukiwa ulaini wake. Zaidi ya hayo, vivinjari vingi vikikuta fremu iliyopewa mia 1 au sufuri, huichukulia kama mia 10, na GIF iliyokusudiwa kwenda mbio hujikokota. Kwa chakula, mikono inayofanya kazi na uso unaotabasamu, fremu 10 hutosha. Kwa ngoma ya isukuti ya Kakamega, ambayo mabega na miguu ya wachezaji huenda kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata, kumi hukata mwendo vipande vipande, na ningepanda hadi 20 huku nikifidia kwa kufupisha klipu iwe ya sekunde moja na nusu.

Ufupi huo huleta suala la maungio. Picha itajirudia, na mahali mwisho unapokutana na mwanzo ndipo mtazamaji hutambua kama kazi imefanywa kwa uangalifu. Nilitafuta katika klipu ya Mama sekunde ambayo mwiko haujaingia kwenye fremu, na nyingine baada ya mwiko kutoka. Kati ya hizo mbili samaki ameshageuzwa, naam, lakini karai liko pale pale na mafuta yanachemka vile vile, kwa hiyo mruko ni mdogo na jicho huusamehe. Pale ambapo mwendo ni wa kwenda na kurudi, kama mtumbwi unaoyumbayumba ukiwa umefungwa kwenye gati, huwezekana kuicheza klipu mbele kisha kinyumenyume, na maungio yakapotea kabisa. Usifanye hivyo kwa moshi wala kwa kitu kinachomiminwa. Moshi unaorudi jikoni huonekana hata na mtoto.

Kwa wanaotumia kompyuta, chombo ninachokipendekeza ni FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, isiyo na madirisha wala vitufe. Huandikiwa maagizo tu. Hatua mbili nilizozieleza, ya kuchagua paleti na ya kuchora, huandikwa hivi, zikianzia sekunde ya 12 ya klipu na kuchukua sekunde 3:

ffmpeg -ss 12 -t 3 -i samaki.mp4 -vf "crop=iw:iw,fps=10,scale=360:360,palettegen=stats_mode=diff" rangi.png

ffmpeg -ss 12 -t 3 -i samaki.mp4 -i rangi.png -lavfi "crop=iw:iw,fps=10,scale=360:360[x];[x][1:v]paletteuse=dither=bayer:bayer_scale=3" samaki.gif

Agizo la kwanza hutoa faili dogo la rangi.png, ambalo ukilifungua na kulikuza utaona miraba 256 ya rangi, na katika klipu hii karibu yote ni kahawia, dhahabu na kijivu cha moshi. Maneno stats_mode=diff huiambia programu iwape uzito zaidi maeneo yanayobadilika, ili samaki apate rangi nyingi kuliko ukuta wa mabati. Sehemu ya crop=iw:iw hukata mraba wa katikati kutoka video ya wima; kwa video ya kulala andika crop=ih:ih. Asiye na kompyuta anaweza kufanya kazi hiyo kwa tovuti na programu za simu zinazotoa huduma hiyo, mradi azitafute humo sehemu za kubadilisha vipimo, idadi ya fremu na rangi, kwa sababu ikiachwa ijiamulie, programu huchagua kinachoipendeza yenyewe.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mteja anapaswa kuulizwa swali ambalo sikumuuliza Mama siku ya kwanza: picha itaonekana wapi? Zile tunazoziita GIF katika WhatsApp si GIF kwa kweli. Ukituma GIF humo, hugeuzwa kuwa klipu ya MP4 isiyo na sauti inayojirudia, na Twitter ilianza kufanya hivyo mwaka 2014. Kwa hiyo anayetaka picha ya kuwatumia wateja kwa WhatsApp pekee hana haja ya kupita kwenye paleti wala nukta. Akate klipu ndani ya WhatsApp yenyewe iwe ya sekunde chache, achague itumwe kama GIF, na rangi zote zitabaki. Kumpitisha kwenye njia ndefu ni kumpotezea rangi na muda, kwani rangi zikishapunguzwa hadi 256 hazirudi hata picha ikigeuzwa tena kuwa video. Stika zinazocheza katika WhatsApp nazo ni umbizo jingine, WebP, lililoletwa na Google mwaka 2010. Zinatakiwa kuwa mraba wa pikseli 512 na zisizidi kilobaiti 500. WebP na ndugu yake APNG, ambayo asili yake ni kazi ya watu wa Mozilla ya mwaka 2004, hazifungwi na rangi 256, na kwenye tovuti mpya ningezichagua badala ya GIF, au ningeweka video fupi iliyonyamazishwa, bila kusita. Anayelipia data ya simu kidogo kidogo hastahili kupakua faili zito kwa sababu tu mwenye tovuti alipenda jina la GIF.

GIF inabaki na mahali pake pale ambapo video haichezi yenyewe: ndani ya barua pepe, ndani ya nyaraka za maonyesho, na kwenye tovuti za zamani. Barua pepe ndiyo iliyokuwa haja ya Mama, na barua pepe ina mtego wake. Matoleo kadhaa ya zamani ya Outlook ya kompyuta, programu ya barua pepe ya Microsoft, kuanzia lile la 2007, huonyesha fremu ya kwanza tu na kuishia hapo. Ikiwa fremu hiyo ni ukungu wa moshi, meneja wa hoteli ataona ukungu. Fremu ya kwanza lazima ijitosheleze kama picha mnato: samaki aonekane, na jina la biashara lisomeke. Jambo jingine ni la afya. Miongozo ya kimataifa ya ufikikaji wa wavuti inataka kitu chochote kisimwekemweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa kuwa mwanga wa namna hiyo unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na inataka mwendo unaoanza wenyewe na kupita sekunde tano uweze kusimamishwa. GIF haina kitufe cha kuisimamisha, lakini unaweza kuiandikia ijirudie mara chache kisha itulie.

Mama alirekodi upya jioni iliyofuata. Tuliegemeza simu kwenye kreti ya soda, tukaweka bamba la bati nyuma ya jiko ili ziwa lisiingie kwenye fremu, tukasubiri moto upungue moshi, naye akageuza samaki mara tano ili tuwe na ya kuchagua. Nilipomaliza maagizo yale mawili nilifungua faili katika programu ya GIMP, ambayo huipa kila fremu tabaka lake na kuandika muda wake kwenye jina la tabaka, nikaipa fremu ya mwisho milisekunde 1000 badala ya 100, ili samaki aliyekwisha kugeuzwa, ngozi yake ya dhahabu ikiwa juu, atulie machoni kwa sekunde nzima kabla ya mzunguko kuanza upya. Alitaka pia tuandike bei. Nilimshauri tuiweke chini ya picha kama maandishi ya kawaida, kwa sababu bei ya ngege hupanda na kushuka, na iliyochorwa ndani ya pikseli haifutiki ila kwa kurudi kwenye klipu asili, ambayo nimeihifadhi pamoja na rangi.png yake katika folda yenye jina lake.